Askofu Tumbusi na Benchi la Nyuma

Nikiita?

Twaitika!

Msipoitika?

Hakuna ngano!

Hapo kale, kale sana, wanyama na ndege wa Bonde la Msasa walikuwa na kanisa moja. Jumapili ya mavuno walikuwapo hawa, nami nawataja mmoja mmoja. Mbele, kitini, Askofu Yoramu Tumbusi. Kisha Zefania Ngiri, mzee wa kanisa. Kisha Perisi Kanga, kiongozi wa kwaya. Kisha Eliakimu Nungunungu, mpiga kengele. Kila mmoja na ukoo wake. Na kwenye benchi la nyuma, peke yake, Bi Damari Kobe, mjane.

Tumbusi alipewa uaskofu kwa ajili ya shingo yake, ambayo ina kola nyeupe tangu kuzaliwa. Wakasema, "Huyu kaumbwa kwa kazi hii." Hawakuuliza anakula nini.

Akatunga sheria tatu. Aliyetengwa hukaa benchi la nyuma. Aliyetengwa haitikii sala. Aliyetengwa akifa, hapigiwi kengele wala hazikwi. Huachwa kichakani, na Askofu huenda kumwombea peke yake.

Kila alipokwenda kuomba, alirudi ameshiba.

Lakini ilikuwapo desturi ya zamani kuliko yeye: askofu akiita mara tatu asiitikiwe, huvua kofia, na uaskofu wake umekwisha.

Bi Damari alitengwa kwa kuuliza, "Baba Askofu, ni maombi gani hayo yanayomnenepesha mwombaji?"

Sasa kifua kilimbana. Kufa hakukuogopa. Alitaka jambo moja tu: alale nyuma ya kanisa, kando ya mumewe, marehemu Nathanieli Kobe, kengele ikilia.

"Damari Kobe!" Tumbusi akaita. "Njoo utubu. Ukifa hivyo ulivyo, nitakuombea mwenyewe."

"Nitubu nini, Baba? Nilichokiona au nilichokisema?"

Ngiri akasimama. "Baba Askofu, mama huyu mgonjwa. Mwache."

"Nawe benchi la nyuma! Wewe na ukoo wako!"

Ngiri akaenda, mkia juu, ukoo ukimfuata.

"Damari Kobe! Piga magoti!"

"Baba, mimi tumbo langu li chini tangu kuzaliwa. Nishuke wapi tena?"

Kanga akajiziba mdomo kwa bawa, lakini kicheko kikamponyoka.

"Perisi Kanga, benchi la nyuma! Na kwaya yako!"

Kwaya ikaenda, ikichekea mabawani.

"Damari Kobe! Kwa mara ya mwisho! Nungunungu, mtoe nje!"

Nungunungu hakuondoka alipo. "Baba, nilimpigia kengele mumewe. Naye nitampigia."

"Benchi la nyuma! Wote! Wote!"

Benchi likajaa, waliobaki wakaketi sakafuni. Bi Damari, aliyezoea upweke, akajikuta amebanwa kulia na kushoto. Akatazama mbele: viti vitupu. Hapo akaelewa.

"Wanangu," akanong'ona, "mtiini Baba Askofu. Aliyetengwa haitikii."

Tumbusi akatanua mabawa. "Bwana awe nanyi!"

Kimya.

"Bwana awe nanyi!"

Kimya.

"Bwana awe nanyi! Itikieni, nyie!"

"Umetukataza, Baba," akasema Bi Damari.

"Mara tatu," akasema Ngiri. "Kofia, Baba."

Tumbusi akatafuta wa kumtetea. Hakumwona, maana alikwisha kuwatenga wote. Akavua kofia.

"Loo, kipara!" Kanga akasema. "Kumbe kofia ilikuwa na kazi yake!"

Tumbusi akaruka dirishani, akaenda zake. Tangu siku ile hukaa mbali, juu ya mti mkavu, na hakuna amwitaye mazishini.

Wakageuza viti vyote, benchi la nyuma likawa la mbele. Bi Damari akajikokota, akasimama.

"Bwana awe nanyi!"

"Awe nawe pia!"

Paa likatikisika. Nungunungu akaipiga kengele mpaka kamba ikakatika.

Basi jueni: nguvu ya mwenye kuita i kwa wenye kuitika, na kiongozi anayetenga kila mtu amejitenga mwenyewe.

Ngano nimeifikisha kwenu. Aliyeisikia aitunze, asiyeisikia asimuliwe.

Bi Damari Kobe alifariki Alhamisi iliyofuata, akapigiwa kengele kwa kamba mpya, akazikwa kando ya mumewe.