Mto Uliopanda Mlima

Usihame mto hujafumua mto. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo Shemhilu, anayetaka kuacha ushonaji kwa kuwa cherehani yake inakata uzi, nanyi mkabaki mnatazamana: mto unafumuliwaje? Swali zuri. Mimi nilipouliza nikiwa na umri wenu niliambiwa nikae chini kwanza. Basi kaeni, niwaeleze neno hili lilikotoka.

Ukingoni mwa mto Lwengera, chini ya milima, aliishi mkulima wa mpunga aitwaye Mhina, na mkewe Mwanamvua, na binti yao wa pekee, Mwajabu. Mhina alikuwa mtu mwema, ila ana haraka. Ukimwanzishia sentensi, yeye huimalizia njiani. Mwajabu alikuwa na pumu. Alfajiri nyingi aliamka kifua kikilia, mabega yakipanda na kushuka, hata kumwita mama yake kukamshinda. Wazazi wake waliogopa kwamba siku moja pumzi itakatika huku wanamwangalia.

Mhina akampeleka zahanati. Muuguzi wa hapo, Nesi Felisia, akampa mtoto dawa ya kuvuta, kisha akauliza mambo ya nyumbani: jiko liko wapi, kuku wanalala wapi, mtoto analalia nini. Mhina akajibu yote, jicho lake likiwa mlangoni. Mwishoni nesi akasema, "Dawa msiiache. Na mtoto awe mbali na huo mto."

Mhina hakuuliza mto gani. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Mto ndio unaotuulia mtoto. Tunahama."

Nani angebisha? Ukungu wa mto waliuona kila asubuhi kwa macho yao. Wakauacha mpunga unachanua, wakafunga mizigo, wakapanda mlimani kwa binamu yake Mhina. Walichukua magodoro, sufuria, na mto wa kulalia wa Mwajabu, wa sufi, ulioshonwa na marehemu mama yake Mwanamvua. Mtoto aliukumbatia njia nzima.

Huko juu pumu ikazidi. Mhina akasema kumbe hata mlima una umande, afadhali mtoto apelekwe Dodoma kwa shangazi yake, kwenye ukavu, akakulie huko. Mwanamvua aliumia sana. Mtoto mwenyewe ndiye huyo mmoja, na Dodoma si jirani. Lakini alikuwa mwanamke wa kuuliza kwa nini. Mbona Mwajabu anacheza kutwa kwenye umande na hakohoi, akijilaza tu anabanwa? Umande gani huu unaomsubiri mtu alale?

Akateremka mwenyewe hadi zahanati.

"Nesi, tulikutii," akasema. "Mto tumeuhama, na mtoto ndio kwanza anazidi."

"Mmeuhama vipi?"

"Tuko mlimani sasa. Hata sauti ya maji hatuisikii."

Nesi Felisia akamtazama. "Maji gani, Mama Mwajabu? Mimi nilisema mto wa kulalia. Baba yake aliniambia mtoto analalia sufi ya zamani."

Mwanamvua akakaa kwenye benchi, akacheka, kisha akalia. "Huo tumepanda nao," akasema.

"Sufi ikizeeka husagika ikawa vumbi," nesi akamweleza, "na humo huzaliana vijidudu usivyoviona. Wewe vinaweza visikudhuru. Kifua cha mwanao hakipatani navyo."

Ilikuwa kazi nzito. Ule ndio mto wa mwisho mama yake kuushona kabla hajafariki, na mishono yake ilikuwa midogo, ya mtu asiyependa kazi ya kulipua. Mwanamvua akakaa nje, mbali na mtoto, akajifunga kanga puani, akafumua uzi baada ya uzi. Sufi ilitoka ya kijivu, laini kama pumba. Akaifukia. Foronya akaichemsha, akaianika, akaiweka kwa ukumbusho. Tangu hapo Mwajabu alilalia kanga iliyokunjwa, inayofuliwa kila mara. Nyumba ikafagiwa kwa kunyunyiza maji kwanza, jiko likatolewa nje, na dawa ikaendelea vilevile.

Hakupona siku ile. Pumu haina adabu hiyo. Ila alfajiri zilianza kupita kimya, na asubuhi moja Mwanamvua alishtuka jua limeshachomoza, akamkuta binti yake bado amelala, anapumua taratibu. Safari ya Dodoma haikutajwa tena.

Waliporudi ukingoni, mpunga wao ulikwishaliwa na ndege. Majirani wakataka kujua: walikuwa wanakimbia nini, na sasa wamerudia nini? Mwanamvua alikuwa na la kusema, lakini alimwachia mumewe. Mhina, safari hii bila haraka, akamvuta Mwajabu karibu, akawajibu:

"Usihame mto hujafumua mto."