Kisu cha Mzee Swaleh

"Kisu hunolewa ng'ombe akiwa njiani." Mmemsikia mwalimu wenu akimwambia hivyo yule mwenzenu mwenye karatasi za kozi ya jeti, nanyi mkaja kuniuliza ng'ombe anatafuta nini katika chuo cha urubani. Kaeni basi. Msemo huu ulizaliwa Mwatate, na ulizaliwa hivi.

Mghoi alikuwa amepata leseni ya kurusha ndege za biashara, na leseni hiyo ilikuwa imekaa kabatini miezi mitano. Mashirika makubwa hayakujibu barua zake. Ndipo akasikia habari za kozi ya jeti: wiki sita ng'ambo, katika chumba cha mazoezi kinachoigiza ndege kubwa, marubani wawili wakifundishwa kugawana kazi. Bei yake ilikuwa bei ya bucha nzima. Baba yake, Mzee Swaleh, alikuwa mchinjaji, na bucha yake ndiyo ingeuzwa. Mnunuzi alikwishapatikana.

Mghoi aliitaka kozi ile na aliiogopa. Akiikosa, aliona atazeeka na leseni yake kabatini. Akiipata na isimfae, baba yake angebaki mikono mitupu, na hilo hangejisamehe. Basi kabla ya kutia sahihi, walikwenda kumsikiliza Mutinda, aliyemtangulia chuoni na kuimaliza kozi hiyo mwaka uliotangulia.

Siku hiyo Mutinda alikuwa anakuja na kindege cha injini moja, alichokodi ili asisahau kazi. Baba na binti walisimama kando ya kiwanja cha vumbi wakimtazama. Alikuja vizuri. Kisha, angali juu, akainua pua ya ndege. Rubani wa jeti hukaa juu sana, kwa hiyo huinua pua mapema. Huyu alikuwa amekaa karibu na ardhi kama mtu aliye kwenye kigoda. Kindege kiliishiwa kasi, kikadondoka, na gurudumu la mbele likapinda. Mutinda alitoka mzima, uso umemshuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hukuumia?"

"Sikuumia. Mkono umeinua wenyewe. Ndivyo nilivyozoeshwa kule."

"Basi walikufundisha vibaya."

"Hapana, mzee. Walinifundisha vizuri mno. Siku niliyomaliza ningeipeleka jeti popote."

"Na tangu hapo umeirusha mara ngapi?"

"Hata mara moja. Hakuna aliyeniita. Sasa ya jeti yamenitoka nusu, na haya madogo yameniharibikia."

Mzee Swaleh akamgeukia binti yake. "Mghoi, umeniona lini nikinoa kisu na ng'ombe hajanunuliwa?"

"Sijakuona, baba."

"Kikinolewa mapema hushika kutu, na kabla ya hapo kimeshamkata mwenye nyumba. Kisu hunolewa ng'ombe akiwa njiani. Bucha haiuzwi."

Mghoi alilia njia nzima hadi nyumbani, wala simlaumu. Lakini alitii. Alipata kazi ya kindege cha mizigo, akawa anapeleka dawa na mboga kaskazini, peke yake angani, miaka miwili. Mashavu yalimbabuka kwa jua, na pepo za huko akazijua kama jirani zake.

Ndipo barua ikaja. Shirika kubwa lilimwita kwenye mtihani baada ya wiki nne, katika chumba kile kile cha kuigiza jeti. Mghoi aliipeleka buchani akitembea kwa maringo.

"Baba, nimeshika neno lako. Kozi siitaki tena. Nitaenda hivi hivi."

Alidhani atasifiwa. Mzee Swaleh alifuta mikono, akaisoma barua mara mbili.

"Kwa nini sinoi kisu ng'ombe akishafika?"

"Kisu hakinolewi mbele ya mnyama. Ni kumtesa."

"Kwa hiyo akishafika mlangoni nimeshachelewa. Nilikuambia usubiri, mwanangu, sikukuambia uache. Barua hii ndiyo ng'ombe. Yuko njiani."

Mghoi aliona haya. Mzee aliuza mitamba wawili, bucha ikabaki, na binti akalipiwa siku nane tu za mazoezi. Siku ya kwanza aliwachekesha wote: mwenzake alisoma orodha ya ukaguzi, na kabla hajamaliza neno Mghoi alikwishajibu, akabonyeza, akavuta, hata vitufe vya upande wa mwenzake. Miaka miwili ya upweke ilikuwa imemfanya watu wawili. Siku ya nane mikono yake ilikwishajifunza kungoja. Wiki iliyofuata alifanya mtihani, yote yangali mabichi kichwani, akachukuliwa.

Kwa hiyo huyo mwenzenu msimcheke, wala msimwambie kozi ya jeti ni upuuzi. Muulizeni kwanza kama ameitwa. Kama hajaitwa, asubiri. Kama ameitwa, mnamchelewesha kwa maneno. Kisu hunolewa ng'ombe akiwa njiani.