Mbithe na Vyuma vya Ndoto

Kaeni vizuri, na wenye kukohoa wakohoe sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Mmeniuliza kwa nini mchoma nakshi hutembea na mfuko mzima wa vyuma, kila kimoja na ncha yake, wakati kazi yenyewe ni moja tu: kuunguza mti. Nitawaeleza. Na humo ndani mtapata na jambo jingine ambalo hamkuniuliza.

Katika siku hizo za mbali ndoto hazikuwa zikimjia mtu hivihivi tu. Zilikaa ndani ya mti. Kila mtu katika milima ile alikuwa na mto wake wa kulalia, kigogo kifupi cha mti wa muhugu kilichochongwa bonde dogo katikati pa kuegemeza kichwa, na juu yake mchomaji alikuwa amechora kwa chuma cha moto. Kilichochorwa ndicho kilichootwa. Sasa, chuma kilikuwa kimoja tu milima yote ile, kinene, kipana mbele kama kidole gumba. Chuma cha namna hiyo kitachora nini? Kilichora mstari mmoja mnene, mweusi, kutoka ukingo huu wa kigogo hadi ukingo ule. Kwa hiyo watu wote waliota njia.

Wakishalala walikutana huko. Ilikuwa njia pana yenye vumbi laini lisilochafua miguu, na juu yake anga ya rangi ya majivu, isiyo na jua wala mwezi. Hapakuwa na nyumba wala mti pembeni. Watu walitembea bega kwa bega, wakitaniana, wakimalizia mazungumzo waliyoyaacha jioni mekoni. Watoto walibebwa migongoni. Walikwenda tu, polepole, hata jogoo alipowika upande wa pili wa usingizi, nao wakageuka wote na kurudi nyumbani kuamka. Wala haikuwa vibaya, msidhani. Ila njia ile haikuwa na mwisho unaojulikana, na yule ambaye siku zake zimekwisha hakugeuka. Aliendelea mbele.

Ndivyo alivyofanya Mutinda, mume wa Mbithe. Binti yao, Kasiva, alikuwa amemshika mkono. Jogoo akawika, watu wakageuka, Mutinda akaendelea kutembea kama asiyesikia. Mtoto alimvuta, akamwita, akamvuta tena, hata vidole vikamponyoka. Asubuhi walimkuta Mutinda mkekani, amelala chali, na pumzi hana.

Tangu hapo Kasiva akakataa kabisa kuweka kichwa kwenye mto wa mti. Na zamani zile usingizi na ndoto vilikuwa kitu kimoja: bila mto hukuota, na bila kuota hukulala. Mtoto akawa anakaa ameegemea ukuta, macho yamemtoka. Shangazi zake walimkemea, wakambembeleza, wakamnywesha dawa chungu za kila namna. Wapi! Akakonda, mashavu yakaingia ndani, ikafika siku hata kuinua kibuyu cha maji ni kazi. Mbithe alikuwa akimtazama. Aliogopa, aliogopa sana, kwamba atazika mara ya pili kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi la kwanza.

Na kilichomuuma zaidi ni hiki: mchomaji wa milima ile alikuwa yeye mwenyewe. Njia ile waliyotembea watu wote aliichora yeye, kwa mkono wake.

"Sasa mwanangu, unataka uende wapi?" Mbithe alimuuliza mtoto.

"Sitaki kwenda," Kasiva akajibu. "Nataka mahali pa kukaa."

Mbithe akachukua kigogo kipya, akatia chuma motoni, akajaribu kuchora uwanja wa nyumba. Akapata baka moja jeusi. Akajaribu tena, akapata mabaka mawili. Basi akakikunja chuma ndani ya nguo na kushuka hadi kwa Mulandi, mhunzi, mdogo wa marehemu mumewe.

"Nifulie kingine," akasema. "Chenye ncha kama mwiba."

Mulandi alipenda utani kuliko chakula. "Ebo! Shemeji, chuma changu kimeunguza miti ya milima yote hii na hakijalalamika hata siku moja. Leo kimekukosea nini?"

"Kimemchukua kaka yako. Sasa kinamchukua na mwanawe."

 Mulandi akakaa chini, akavuta mivukuto.

Ncha ya mwiba ikapatikana, na hapo ndipo Mbithe alipokosea, kosa ambalo angeweza kulifanya mchomaji peke yake. Mkono wake ulikuwa umezoea kile chuma kinene, kinachotaka moto mkali na mwili mzima umekielemea. Akaupasha moto mwiba mpaka ukaiva mweupe, akaukandamiza vilevile alivyozoea. Ukalia chwaa, ukazama ndani ya mti, ukaacha shimo refu linalofuka moshi. Aliliona. Lakini alikuwa na haraka, mtoto anaisha, naye akajiambia, haidhuru, nitalizungushia nyumba na shimo litakuwa mlango. Akalizungushia nyumba. Akambembeleza Kasiva, akamlaza mchana ule ule, kichwa juu ya mto.

Mtoto alilala kidogo tu, kiasi cha chungu kuchemka. Kisha akaruka akipiga kelele, jasho linamtiririka. Alikuwa ameanguka kisimani, akasema, kisima kisicho na maji wala chini, na kuta zake za moto. Mbithe akautupa mto ule katika meko. Alitaka kumkumbatia, mtoto akarudi nyuma hadi ukutani.

"Usinidanganye tena, mama," Kasiva akasema.

Jamani, mtu anaweza kuambiwa maneno mengi duniani, lakini hayo! Mbithe alitoka nje, akakaa juu ya gogo, akalia mpaka kifua kikauma. Halafu akajifuta uso, akakusanya vipande vya muhugu vilivyobaki kwenye uchongaji, vile vya kutupwa, akavirundika mbele yake karibu na makaa. Akasema sitagusa mto mwingine kabla mti huu wa kutupwa haujanifundisha.

Basi akafundishwa. Mwiba, akagundua, hautaki moto mweupe. Unautoa makaani, unasubiri wekundu uzimike, kisha unauendesha kwa mkono mwepesi, kama unamtoa mtoto funza mguuni. Mkono uwe umeshaanza kwenda kabla ncha haijagusa mti, na uinuke ungali unakwenda. Ukisimama tu, umetoboa. Alipoupata mwiba akarudi kwa Mulandi kutaka ncha bapa, yenye makali. Hiyo aliivuta kuelekea kwake, ikampa mistari iliyonyooka, nguzo na kingo za kuta. Akataka nyingine ya mviringo, ndogo kama punje ya mtama: gusa, inua, gusa, inua, na kila mguso ukaacha doa. Na ya mwisho aliomba iwe imepinda na laini mgongoni.

"Hiki sasa ni chuma au ni mwiko?" Mulandi akauliza, maana utani ulikuwa umeanza kumrudia. "Shemeji, unachora au unapika?"

Hata Mbithe mwenyewe hakujua. Chuma kile kilimsumbua kuliko vyote. Kila alipokigusisha kilipaka weusi tu, madoa mabaya yasiyo na umbo. Mwishowe akakasirika, akakiweka kando, akaenda kunywa maji. Aliporudi kilikuwa kimeanza kupoa. Akakisugua juu ya mti kwa hasira tu, bila kutarajia kitu, na mti ukaingia rangi ya uji wa wimbi, laini, inayoanza gizagiza na kuishia pasipojulikana. Akasugua tena kidogo. Kilikuwa kivuli. Lo! Mbithe akacheka peke yake pale chini, mara ya kwanza tangu mazishi.

Ndipo akachukua kigogo kipya na kuchora uwanja. Kwa mwiba alichora majani na nyasi na fito nyembamba za ua. Kwa bapa alisimamisha kuta za nyumba na nguzo za ghala. Kwa punje aliwatia kanga madoa yao, kundi zima, wakidonoa. Na chuma cha mwisho kilipopoa kiasi chake, akalaza chini ya mgunga mmoja kivuli kipana cha alasiri. Njia hakuiweka, hata kijia cha mbuzi.

Hakumbembeleza mtoto safari hii. Alimwekea mapajani vipande vile vya kutupwa, kimoja kimoja, tangu vile vilivyotobolewa na kuungua ovyo hadi vile vizuri. "Hapa nilikosea," akamwambia. "Na hapa. Hapa nikaanza kujua." Kasiva akavipapasa vyote kwa vidole. Kisha akaupapasa mto wenyewe, akatafuta shimo, asilione.

"Na wewe utakuwepo?" akauliza.

"Nitakuwepo," Mbithe akasema. Wala hakuwa anadanganya. Tangu dunia iumbwe, waliolala walikutana.

Mtoto akaweka kichwa. Jua lilikuwa utosini, mbuzi wamelala, hakuna jani linalotikisika. Pumzi yake ikawa ndefu, kisha nzito, na vidole vyake vilivyokuwa vimekunjwa siku zote vikafunguka. Mbithe akalia kimyakimya kwa furaha. Halafu, kwa kuwa alikuwa ameahidi, akajilaza upande wa pili na kuweka kichwa chake juu ya mto ule ule, nywele zao zikagusana.

Akaingia uwanjani. Nyasi zilikuwa zimeinama kama alivyoziinamisha. Kanga walipita miguuni pake bila sauti, na hewa ilikuwa na harufu ya muhugu uliochomwa. Chini ya mgunga, ndani ya kivuli, ameketi mwanamke anasaga nafaka. Alikuwa mama yake, aliyefariki Mbithe akiwa msichana. Mbithe hakumchora pale.

"Mama, umemwona Kasiva?"

Mama yake akainua uso, akatabasamu. "Uwanja huu ni wako, mwanangu."

Mbithe akauzunguka uwanja. Akachungulia nyumbani, akachungulia ghalani, akaita jina la mtoto mpaka kanga wakatawanyika. Kasiva hakuwemo. Mstari mnene ni mmoja kwa kila anayeulalia, lakini kivuli hakina ukingo, na kila mtu huingiza humo watu wake mwenyewe. Hilo Mbithe hakulijua alipokuwa anakisugua.

Alipoamka jua lilikuwa limepinda. Kasiva alikuwa bado amelala, na katika usingizi wake alikuwa akimtabasamia mtu. Mbithe alimtazama. Alikuwa amemzaa, amemnyonyesha, ametembea naye kila usiku wa maisha yake, na sasa amelala hapo karibu kiasi cha kuisikia pumzi yake, naye hajui mtoto yuko wapi. Moyo ulimjaa furaha na ukiwa kwa pamoja. Akangoja. Kasiva alipofumbua macho, Mbithe akamwuliza swali ambalo hakuna mtu katika milima ile aliyewahi kumwuliza mwenzake.

"Mwanangu, umelalaje?"

"Vizuri," Kasiva akasema. "Baba alikuwepo, amekaa kivulini. Lakini nilikutafuta, mama. Nilikutafuta kila mahali."

"Hata mimi nilikutafuta," Mbithe akasema. "Haya, nihadithie."

Na tangu siku hiyo watu wakaleta mito yao kuchorwa upya, kila mmoja kwa hamu yake, na ile njia ikaachwa tupu. Baadaye ndoto zikazoea watu, zikatoka ndani ya mti zikawa zinakuja zenyewe. Ukiota unatembea, unatembea na hufiki, huo ni mstari wa chuma kinene, haujafutika wote. Wachomaji nao walibaki na vyuma vyao. Mpaka leo kila ncha ina kazi yake, na kila chuma huonjeshwa kwanza kipande cha kutupwa, na kivuli hutiwa mwisho, chuma kinapopoa. Nasi kila asubuhi, hata tuliolala mkeka mmoja, kabla ya neno lolote huulizana, umelalaje? Tunauliza kwa sababu hatukuwepo.