Tembo na Kura Zilizoogopa Kivuli

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na nani?"
"Na mwenye tumbo na mwenye kiu!"
"Mwenye tumbo yuko wapi?"
"Yumo bwawani!"
"Na mwenye kiu?"
"Angali anangoja!"

Basi tulieni, na wewe unayekohoakohoa, malizia kabisa.

Hapo kale palikuwa na Tembo, mheshimiwa wa nchi nzima. Bwawa lilikuwa moja tu, nalo lilichimbwa na babu yake. Asubuhi Tembo hunywa. Mchana Tembo huoga. Jioni wengine wote hulamba tope, na wakishalamba husema, "Ahsante, Mheshimiwa." Walimheshimu, na kumwogopa walimwogopa. Tena alikuwa na sheria yake: atakayekanyaga kivuli chake, naye atakanyagwa. Swala mmoja alijisahau. Tii! Hata ukwato haukuonekana.

Ukafika mwaka wa kuchagua rais. Tembo akapita akiomba kura. "Nichagueni, bwawa liwe langu moja kwa moja. Nami nitakunywa kwa niaba yenu!"

Wanyama wakashangilia, na midomo imewakauka.

Bi Pimbi hakushangilia. Alikuwa na watoto wanne kule mwambani, na kitinda mimba wake alikuwa hana tena nguvu ya kulia. Alijua Tembo akishinda, mtoto yule hataona masika. Basi naye akajiandikisha kugombea. Walimcheka mpaka wakashika mbavu.

Kura zenyewe zilikuwa za mstari. Kila mmoja husimama nyuma ya mgombea wake, na wa kwanza lazima amguse mgombea. Mstari usiogusa hauhesabiwi. Msimamizi alikuwa Korongo. Akipiga pembe ya tatu, mambo yamekwisha.

Siku moja kabla, Pimbi akamwendea Tembo.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Umekuja kujitoa?"

"Nimekuja kuomba. Macho yangu hayaliwezi jua la asubuhi. Kesho niruhusu nisimame jua liwe kisogoni kwangu. Wewe ndiwe wa kulitazama likichomoza. Rais ni wewe, bwana!"

Tembo akacheka, kwa-kwa-kwa! "Ruhusa umepata."

Mwongo yule! Pimbi gani asiyeliweza jua, naye hushinda juu ya mwamba akiliota?

Kulipokucha, Tembo akasimama akilitazama jua, kifua mbele. Pimbi akasimama akilipa jua kisogo, na nduguze kumi na mmoja wakajipanga nyuma yake, wa kwanza akamgusa. Wanyama wengine, mia tatu kamili, wakaenda kwa Tembo. Wakafika kwenye ncha ya kivuli chake, wakasimama ghafla. Kivuli kilikuwa kimelala nyuma yake, kirefu, kutoka miguuni hadi kichakani.

"Tangulia wewe," akasema Pundamilia.

"Aa, tangulia wewe," akasema Nyati.

Puuu! Pembe ya kwanza.

Jua likapanda kidogo. Kivuli kikafupika hatua moja. Wanyama wakasogea hatua moja. Pimbi akaona, na moyo ukampiga, du! du! Jua likapanda tena. Kivuli kikafupika tena. Wanyama wakasogea tena. Du! du! du! Kivuli kikiisha kabla ya pembe, amekwisha yeye na wanawe.

Puuu! Pembe ya pili.

Ngiri, mpambe wa Tembo, akaja mbele mbio, jasho linamtoka. "Mheshimiwa, hakuna aliyekugusa! Wanaogopa kivuli. Sema neno moja tu, waambie wakanyage!"

"Nikisema leo wakanyage kivuli," akajibu Tembo bila kugeuka, "kesho watanikanyaga mwenyewe."

"Lakini tunashindwa, Mheshimiwa!"

"Wananiheshimu. Watakuja."

Ngiri akazunguka nyuma. Akakitazama kivuli, akamkumbuka Swala. Kisha akaingia. Hatua moja, nya. Hatua mbili, nya. Pimbi alikuwa haoni tena kivuli wala wanyama, anaona pua ya Ngiri tu. Hatua tatu, nne, kumi. Pua ikabakiza upana wa kidole kufika kwenye mkia.

Tembo akahisi pumzi nyuma yake. Mazoea, jamani, mazoea!

"NANI KIVULINI MWANGU?"

Ngiri alitoka pale mkia juu, hakuaga. Wanyama mia tatu wakatawanyika, vumbi tifu! Hawakusimama mpaka juu ya kilima cha pili.

Puuu!

Korongo akahesabu. Pimbi, kura kumi na moja. Akazunguka nyuma ya Tembo, akazunguka tena. Tembo, hakuna kitu.

"Haiwezekani!" Tembo akasema. "Wanaoniheshimu wako wapi?"

Korongo akanyoosha mdomo kule kilimani. "Wale, Mheshimiwa. Wote mia tatu."

Siku hiyo mtoto wa Pimbi alikunywa maji mpaka tumbo likawa ngoma, na hakuna aliyesema ahsante kwa mtu.

Mafunzo, wanangu: waheshimuni wakubwa. Tena waheshimuni sana, kama walivyofanya wanyama wale, wala msipunguze hata kidogo. Mkubwa asipoheshimiwa vya kutosha, anaweza akashinda.

Hadithi imefika ukingoni. Ikiwa tamu, tuilambe sote; ikiwa chungu, niachieni niitafune peke yangu.