Ng'ombe wa Mama Nakundwa

Hapo zamani, kule Usangi milimani, palikuwa na mama Mlutheri, Nakundwa, mwenye watoto wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa. Mwanawe wa pili, Yohana, alikwenda Tanga kutafuta kazi, akarudi Mwislamu, sasa anaitwa Yahya. Akaketi jikoni, akasema, "Mama, Isa ni mtume wa Mungu, si Mwana wa Mungu. Nakwambia kwa sababu nataka tukutane peponi."

Mama akasikia, akaendelea kuchambua maharage. Lakini aliumia sana. Yahya alipotoka, akawaita wale watatu: "Mjibuni ndugu yenu. Imani yangu isimame, na mwanangu asiache kula kwangu. Atakayeweza, ng'ombe ni wake."

Elinihaki, mwanawe wa kwanza na mzee wa kanisa, akaja na Biblia, akajibu hoja kwa hoja tangu chai ya asubuhi hadi mchana. Yahya akashindwa hoja zote. Akashindwa pia kuja kula, miezi miwili. Mama akachambua maharage.

Togolani hakujibu neno. Alimpelekea nduguye mkeka wa kuswalia, na Krismasi akampa kisu amchinje jogoo yeye, ili wote wale sahani moja. Yahya akarudi, akala. Washarika kanisani wakaanza kuulizana kama nyumba ile imesilimu. Mama akachambua maharage.

Namsifu aliazima Kurani yenye tafsiri, akaisoma mwaka mzima. Kisha akasema mezani, "Kaka, mnavyomheshimu Mariamu nimependa. Kwamba Yesu hakufa msalabani, sikubali, wala sitakubali. Ongeza wali." Yahya akaongeza wali. Ila mwaka huo masikio ya mama yalikuwa yameshaziba. Hakusikia kitu. Maharage aliyaona vizuri.

Ikafika siku ya kumtoa ng'ombe.

Elinihaki akasema, "Mimi nimeilinda imani."

Togolani akasema, "Mimi nimemrudisha mtoto."

Namsifu akasema kwa sauti kubwa, mama asikie, "Mimi nimemwambia kweli, na hakuondoka."

Yahya akasema, "Ninyi mlitumwa na ng'ombe. Mimi nilimwambia mama ninachoamini bila kuahidiwa hata kwato."

Mama akaweka ungo chini, akawatazama wote wanne, akalia.

Sasa ninyi mnaocheka, kaeni sawa. Ng'ombe yuko zizini, kiwele kimejaa, naye anapiga kelele. Je, nani achukue ndoo?