Dirii ya Jemadari Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, na wewe unayesinzia huko nyuma amka, Kiboko alikuwa jemadari wa mwitu mzima. Tumbo lake lilifika barazani kabla yake. Kila mavuno aliwatuma maofisa wake, Nyati na Ngiri, wakakomba ghala za wanyama wadogo. Kwa Kindi hawakuacha hata punje, na wanawe walilala wakilia njaa.

Roho ilimuuma Kindi. Akabeba nyundo yake, maana alikuwa mhunzi, akaenda moja kwa moja kwa Kiboko.

"Shikamoo, Jemadari! Mkubwa mzima kifua wazi? Majemadari wa Rumi huvaa dirii ya shaba iliyofuliwa kwa umbo la kifua. Misuli imetuna, tumbo bapa, hata kitovu kipo!"

"Hata kitovu!" Kiboko akachangamka. "Nipime upesi!"

"Nikupime nini? Jemadari wa kweli, dirii humkaa vizuri tu. Ikimbana mtu, ujue huyo si jemadari, ni tumbo."

"Na sisi tufulie!" wakadakia Nyati na Ngiri.

Ngo! Ngo! Ngo! Kindi akafua. Siku ya karamu ya mavuno, Kiboko alipoalika wageni, Kindi akawavika wote watatu, kipande mbele, kipande nyuma, akakaza kamba kwapani, mikono yao isikofika.

"Mkubwa hajifungui mwenyewe," akawaambia. "Inabana?"

"Thubutu!" Kiboko alijikaza kisabuni, macho yamemtoka pima. "Inapwaya!"

"Hata yangu," akakoroma Nyati. Ngiri alitaka kujisifu, ikatoka kwii!

Basi vyakula vikapangwa mkekani: mahindi, karanga, viazi, vyote vya kunyang'anya. Kiboko akainama. Krrr! Shaba haikupinda. Akanyoosha mkono, haukufika. Akamtazama Nyati, naye Nyati akajifanya anaangalia mawingu.

Kindi akapiga mbinja. Fyuu! Wadogo wote wakaja na vikapu, wakaanza kuzoa.

"Wezi!" Kiboko akainuka. Hatua moja tu, pumzi ikamkatika, akaketi tii!

"Pole, mkubwa," Kindi akasema huku anajaza karanga zake. "Nikulegezee kamba? Sema tu kwamba inabana."

Kiboko akawatazama wageni waliojaa uwanjani. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Hai... haibani," akasema.

"Hongera, basi. Imekupendeza kwelikweli!" Kindi akajitwika kikapu, huyoo, akaenda zake.

Wanawe walikula jioni ile mpaka wakacheua. Na wakubwa je? Walibaki palepale na misuli yao ya shaba inang'aa, matumbo yakinguruma guru! guru! ndani kwa ndani. Siku kamba zilipooza zikakatika zenyewe, Kiboko alikimbilia mtoni kuficha uso, na hadi leo humwoni na nguo.

Nanyi mkumbuke: anayevaa sifa asizokuwa nazo atashinda na njaa, ingawa amependeza.