Mkanda Mwekundu wa Anse-Claire

Wahenga waliposema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, hawakukusudia kuwabeza wanaoshindwa. Walitaka kutukumbusha kuwa kila anayeingia mashindanoni hukuta milango miwili mbele yake, wa kushinda na wa kushindwa. Anayekubali mlango mmoja tu hakuja kushindana, amekuja kudai. Mwenyezi Mungu humfundisha kila mtu somo hili kwa njia yake. Leonie Doucet alifundishwa juu ya barafu.

Leonie alizaliwa Anse-Claire, mji mdogo kando ya ghuba katika jimbo la New Brunswick, nchini Kanada. Mama yake, Bi Yvonne, alifanya kazi kiwandani ya kuchambua nyama ya kaa wa baharini. Jioni alikaa jukwaani katika uwanja wa barafu, blanketi magotini, rozari mkononi, midomo ikichezacheza huku bintiye akifanya mazoezi ya kuteleza na kuruka kwa viatu vyenye wembe. Watu walimtania kwamba kwa sala zile, hata Bikira Maria lazima awe anajua mruko gani unafuata.

Na kweli Leonie alipewa kipaji. Alipoteleza ungedhani barafu imempenda. Alikuwa bingwa wa jimbo tangu utotoni, na picha yake ilitundikwa penye kibanda cha chipsi hapo uwanjani. Kila msimu jimbo lilipeleka msichana mmoja tu kwenye mashindano ya taifa, na Leonie aliizoea nafasi ile kama alivyozoea kiti chake kanisani.

Kisha akaja Corinne Landry, binti wa dereva wa basi la shule, mwenye miguu mirefu kama korongo. Corinne aliruka vizuri na kuanguka vibaya. Alianguka kama gunia la viazi, kisha akainuka anacheka.

"Kocha, umesikia kishindo hicho?" alisema siku moja huku akijipangusa. "Padri atadhani nimegonga kengele!"

"Punguza maneno, ongeza magoti," alijibu kocha wao, Bi Ghislaine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha wafu.

Wasichana waliokuwa uwanjani walikuwa wengi na barafu ilikuwa moja, kwa hiyo klabu yao ilikuwa na desturi yake. Kocha alipiga muziki wa kila mmoja kwa zamu. Mwenye zamu alijifunga kiunoni mkanda mwekundu, na yeyote aliyeuona alipaswa kumpisha. Muziki ulipokwisha, aliufungua na kumkabidhi anayefuata mkononi. Mvaaji wa mkanda hakuangalia nyuma, kwa maana baadhi ya miruko huanza kwa kwenda kinyumenyume, na anayekwenda hivyo huwa ameweka maisha yake mikononi mwa wenzake.

Majira ya baridi yale, katika mashindano ya jimbo, Corinne alikuwa wa kwanza na Leonie wa pili. Corinne alipomnyoshea mkono na kusema, "Hongera, dada Leonie," Leonie alitazama ukuta. Akaivua medali yake ya fedha kabla picha haijapigwa.

Garini alifura kama hamira.

"Wamenionea, Mama."

"Nani?"

"Waamuzi."

"Wote? Wamekaa kikao wakapanga juu yako, mtoto wa mchambua kaa?"

"Mama, wewe huujui mchezo huu."

"Siujui," alisema Bi Yvonne. "Lakini mkono ulionyoshwa ninaujua."

Jumatatu kocha alimwonyesha video ya mruko wake kwenye simu. "Tazama wembe wa kiatu chako. Umetua kabla mzunguko haujakamilika."

"Simu yako mbovu."

"Simu mbovu, waamuzi wabovu, barafu mbovu. Mzima ni wewe peke yako? Binti yangu, barafu haina mjomba. Lirekebishe kosa. Nafasi ya taifa itaamuliwa kwenye shindano la mwezi ujao. Bado unaweza kuipata."

Hilo lilikuwa kweli: bado angeweza kuipata. Lakini badala ya kuitazama miguu yake, Leonie aliitazama miguu ya Corinne.

Siku chache kabla ya shindano hilo, Leonie alimaliza zamu yake, akaufungua mkanda mwekundu na kuutupa juu ya ubao unaozunguka uwanja.

"Jichukulie. Si ndiwe bingwa?"

Corinne aliuokota, akajifunga kiunoni. Muziki wake ulianza. Leonie akateleza taratibu hadi pembe ya mbali, mahali ambapo Corinne huenda kinyumenyume kabla ya mruko wake mkubwa. Alijiambia kwamba hataki kumwumiza. Alitaka tu ashtuke, akosee, na kocha aone kuwa mtoto yule bado hajakomaa.

"Leonie! Pisha!" kocha alipiga kelele.

Leonie alijifanya anarekebisha glavu. Corinne alikuja kwa kasi, mgongo mbele, akiuamini mkanda wake. Mwishoni kabisa aliisikia hofu katika sauti ya kocha, akajipinda pembeni na kuanguka kwa kiuno. Leonie naye aliruka nyuma kwa woga. Wembe wake ulinasa, akajibamiza ubaoni, na kifundo cha mguu wake kikavunjika. Bi Yvonne alishuka jukwaani mbio, akaingia barafuni na mabuti yake ya theluji, akitambaa penye kuteleza mpaka akamfikia mwanawe.

Hospitalini, Corinne alikuja na sufuria la supu ya kuku na viazi kutoka kwa mama yake.

"Mguu unauma, dada?"

"Unauma."

"Mimi kiuno. Kimefanya alama nyeusi kama ramani ya Kanada." Alicheka kidogo. "Muziki wangu uliusikia?"

Leonie aliukazia macho mguu wake uliofungwa plasta. "Niliusikia."

Corinne aliweka sufuria mezani. Machozi yalimlengalenga. "Mimi niliingia mchezo huu kwa sababu ya picha yako pale kwenye chipsi. Nilitaka siku moja nikushinde. Sasa kwenye shindano nitakwenda kushindana na nani?"

Akaondoka. Supu ilipoa bila kuguswa.

Bi Yvonne, aliyekuwa kwenye kiti kando ya dirisha, aliikunjua rozari mkononi na kuikunja tena. "Miaka yote nimekuombea ushinde," alisema polepole. "Nadhani niliomba nusu. Nusu ya pili tuombe pamoja."

Wakaomba. Kwa mara ya kwanza Leonie hakumwomba Mungu medali. Aliomba moyo.

Corinne alishinda shindano lile, akaenda taifa. Leonie alijifunza kutembea upya, kisha kuteleza, kisha kuruka kama mtoto mdogo. Ile video ya kosa lake aliiomba mwenyewe kwa kocha, akaitazama mpaka akaikariri. Majira ya baridi ya pili aliingia tena mashindano ya jimbo. Alianguka mara moja, akainuka, akamaliza. Akawa wa tano. Alama zilipotangazwa, alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na kocha.

"Waamuzi wana haki," alisema. "Goti langu lilichelewa."

Bi Ghislaine, ambaye hakuwahi kulia mwanafunzi wake huyu aliposhinda, alitafuta leso. Leonie alikwenda mwenyewe hadi kwa Corinne, bingwa, akamnyoshea mkono.

"Hongera. Mwakani nitakutafuta."

"Njoo tu, dada. Nilikuwa nimekumisi."

Jumatatu walirudi mazoezini. Leonie alimaliza zamu yake, akaufungua mkanda mwekundu. Corinne alinyosha mkono kuupokea.

"Hapana. Geuka."

Akamfunga mwenyewe kiunoni, akakaza fundo. Muziki ulipoanza, alikwenda hadi ile pembe ya mbali, kulikokuwa na watoto wadogo wanaochezea unga wa barafu uliokwanguliwa na viatu, akawasogeza ubaoni kwa mikono miwili.

"Pisheni, wadogo zangu! Pisheni, bingwa anapita!"

Corinne alikuja kinyumenyume kwa kasi, bila kuangalia nyuma, akaruka. Juu jukwaani, Bi Yvonne aliiweka rozari mfukoni ili apate kupiga makofi. Bintiye hakuwa na medali yoyote shingoni, lakini siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa mshindani kweli. Hakika, asiyekubali kushindwa si mshindani.